Githeri Iliyolaumiwa

Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha afya ya Wakikuyu na ya Wamaasai. Wakikuyu, jamii ya pande hizi za Ruiru na Thika, walionekana wafupi na wepesi zaidi, na lawama ikaangukia chakula chao: mahindi, maharagwe, viazi vitamu, mtama. Kuhusu protini na madini huenda hawakukosea. Lakini sufuria ile ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilikuwa na kitu ambacho sayansi ya siku zile haikukithamini: nyuzinyuzi.

Aliyezithamini ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala. Pamoja na Hugh Trowell, aliyetibu wagonjwa Kenya kabla ya kuhamia Uganda, alijiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana ilikuwa ya kawaida Uingereza na adimu vijijini Afrika. Mwaka 1971 alitoa jibu: chakula kisichokobolewa huongeza choo na kukipitisha upesi.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili wanayo bakteria. Nyuzinyuzi za githeri hufika utumbo mpana bila kusagika, bakteria wakazichachusha na kutoa butireti. Seli za ukuta wa utumbo huitumia karibu yote kama chakula chao. Kidogo tu huingia kwenye damu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibainika pia kwamba butireti huzuia kimeng'enya kiitwacho histoni diasetilesi, na maabarani huzifanya seli za saratani zipunguze kugawanyika. Utumbo wa mla githeri ulikuwa ukijitengenezea dawa, ikafanya kazi palepale.

Wanakemia wa leo wanalitafuta jambo hilohilo. Selekoksibu, inayozuia kimeng'enya cha COX-2, ilipunguza vinyama vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani. Lakini mwaka 2004 jaribio lake kubwa lilisimamishwa, kwa kuwa waliomeza walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Dawa ilipita kwenye damu hadi isikotakiwa. Ndiyo maana sasa huundwa molekuli zisizopenya ukuta wa utumbo, au zinazobaki zimefungwa hadi bakteria wazifungue.

Kidonge cha aina hiyo cha kukinga saratani hakijafika dukani. Chakula kipo. Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini waliobadilishana vyakula kwa wiki mbili: butireti ya Wamarekani ilipanda, ya wanakijiji ikashuka. Wiki mbili tu! Nasi huku tunaiacha githeri kwa chipsi na unga mweupe.

Ndugu msomaji, ukiona damu kwenye choo usinunue dawa ya bawasiri ukanyamaza; huenda ni kinyama cha utumbo. Nenda Thika Level 5, au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, umweleze daktari bila haya. Kinyama kilichokatwa mapema hakigeuki saratani.