Mtoto Anapolazwa kwa Maradhi ya Akili: Bonde la Kilombero

Kulazwa kwa maradhi ya akili ni matibabu ya wodini kwa mtoto au kijana aliye hatarini: ametaka kujiua, amegoma kula na kunywa, anasikia sauti zinazomwamuru, au chanzo cha hali yake hakijajulikana. Wengi hawafiki huko. Kliniki na mazungumzo na familia huwatosha.

Ifakara, katika bonde hili la Kilombero, kabla ya kusema mtoto amerukwa na akili, hupimwa malaria. Malaria ikipanda kichwani mtoto huweweseka, hupiga kelele, hata wazazi asiwatambue. Akikakamaa, wengi huiita hali hiyo degedege, na wapo wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji huku saa zikipita. Kwa hiyo malaria, sukari ya damu na homa ya uti wa mgongo huchunguzwa kwanza.

Kisha kuna kifafa, ambacho nchini mwetu Tanzania kwa kawaida hutibiwa katika kliniki za afya ya akili. Ng'ambo ya mto Kilombero, juu milimani Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta watoto wenye makovu ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kuwashika wakiamini povu lao huambukiza. Alieleza pia habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, ugonjwa ambao tafiti za baadaye zimeuhusisha na usubi. Tembe za fenobabito, dawa ya bei nafuu, ziliwapunguzia wengi kuanguka. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa la ukanda huu: tiba iliwafuata watoto walipo.

Lakini hospitali ya maradhi ya akili ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara kupitia Mikumi na Morogoro. Mama wa bondeni akimsindikiza mwanawe huko, anaacha mpunga bila wa kuufukuzia ndege na wadogo wa mtoto huyo bila wa kuwapikia. Ndiyo maana kulazwa karibu na nyumbani, kwa muda mfupi, ni bora kila inapowezekana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 15 hastahili kulala wodi moja na watu wazima waliorukwa na akili. Mzazi akae naye. Muuguzi amweleze mzazi huyo kuhusu dawa mpaka aweze kuyarudia maelezo kwa maneno yake, maana siku ya kuruhusiwa yeye ndiye anayebaki na kazi.

Zahanati ya kijijini lazima iwe na dawa ileile aliyopewa wodini: fenobabito, kwa mfano, ikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu na kuua.

Ukimwona mtoto ameanguka, mwondoe karibu na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Mguse bila hofu. Povu lile haliambukizi.