Nyakati za Sala katika Nchi ya Karagwe

Uislamu uliingia Karagwe kwa njia ya misafara. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara wa Kiarabu na wa pwani, waliopanda kutoka Tabora, walikuwa na kituo Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya mtawala Rumanyika. Speke na Grant walipofika mwaka 1861 biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro mfanya biashara Hamed Ibrahim. Pamoja na nguo na shanga, watu hao walileta majina ya sala tano: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha.

Msafiri wa zama hizo hakuhitaji saa. Alisimamisha kijiti mahali tambarare, akaangalia kivuli chake. Kivuli kikifikia ufupi wake wa mwisho, kisha kikaanza kurefuka kuelekea mashariki, jua limepinduka, na Adhuhuri imeingia. Kwa wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi wa pwani, Alasiri huingia kivuli kinapolingana na kijiti, baada ya kuongezwa kivuli kile cha adhuhuri. Nyongeza hiyo si jambo dogo. Karagwe iko kama digrii moja na nusu kusini ya Ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hutoweka, lakini mwezi wa Juni hukaribia nusu ya urefu wa kijiti. Asiyekiongeza wakati huo atasali Alasiri mapema kwa dakika zipatazo 50, na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haisihi.

Elimu ya kijiti ni ya kweli kila mahali, kwa kuwa humwuliza jua wa mahali pale pale. Saa ya ukutani sivyo. Saa ya Afrika ya Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki ya Greenwich, usiopita Tanzania kabisa, bali karibu na Mogadishu. Karagwe na Kyerwa ziko karibu na digrii 31. Na kwa kuwa kila digrii moja ni dakika 4, jua la huko huchelewa karibu saa nzima nyuma ya saa hiyo. Kwa hiyo zawali haiwi saa sita kamili. Huwa kati ya saa saba kasoro dakika 20, mwanzoni mwa Novemba, na saa saba na dakika 10 hivi, mwezi wa Februari.

Hatari iko katika kufuata saa za mji mwingine. Mfungaji wa Kamuli, kata iliyo sasa katika wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, akifuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam, atakula jua lingali juu. Mwezi wa Juni atatangulia kwa zaidi ya dakika 40, na mwezi wa Desemba kwa dakika 25 hivi, maana urefu wa mchana wa miji hiyo miwili haulingani. Siku hiyo itampasa ailipe. Wala jua kufichwa na kilima si kuchwa kwake: penye vilima hungojewa mwanga uondoke vileleni na giza lipande kutoka mashariki.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Pwani neno kibula limekuwa na maana ya kaskazini pia, kwa sababu kutoka Unguja Makka iko karibu kaskazini barabara. Karagwe kibla huelekea mashariki ya kaskazini kwa digrii zipatazo 20. Neno lilisafiri na msafara, wala maana yake ya pwani haikuweza kusafiri nalo.

Ndivyo ilivyo kwa nyakati. Majina ya sala ni yale yale tangu Unguja hata Kafuro. Lakini saa zake kila nchi huzipata kwa jua lake yenyewe.