Umemejua wa mwanga uliokolezwa

Umemejua wa mwanga uliokolezwa ni teknolojia ambamo lenzi au vioo hukusanya mwanga wa jua na kuumulika, ukiwa umeongezwa nguvu hata mara mamia, kwenye seli ndogo sana za sola. Isichanganywe na mitambo inayotumia vioo kuzalisha mvuke. Seli zake huwa na matabaka kadhaa, kila moja likifyonza sehemu yake ya rangi za mwanga, na hivyo ufanisi wake huupita ule wa seli za kawaida za silikoni. Mwaka 2022 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilitangaza seli yenye ufanisi wa asilimia 47.6, mwanga ukiwa umekolezwa mara 665; moduli kamili hupata pungufu ya hapo.

Kikwazo ni gharama. Mfumo huhitaji mwanga wa moja kwa moja, usiotawanywa na mawingu wala vumbi, pamoja na mitambo ya kulifuata jua kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo hufaa hasa maeneo makame. Kampuni ya Soitec ya Ufaransa ilijenga kituo cha megawati 44 hivi huko Touwsrivier, Afrika Kusini, kilichokamilika mwaka 2014. Mwaka uliofuata, bei ya paneli za silikoni ikiwa imeshuka mno, kampuni hiyo ilitangaza kujiondoa katika biashara hiyo.