Fahamu: Kusoma jenomu ya virusi ni nini, na ilifichua nini Kamituga?

Umeshasikia mara nyingi kwenye taarifa ya habari: sampuli zimepelekwa maabara ili virusi visomwe jenomu. Wengi tunaipita tu sentensi hiyo. Kipimo kimeshasema mtu anaumwa, sasa wanatafuta nini tena?

Kwa kifupi ni hivi. Kipimo cha kawaida kinakwambia ugonjwa upo. Jenomu inakwambia umetoka wapi, umepita njia gani, na kama kipimo au dawa uliyonayo bado inaufaa.

Mfano mzuri hauko mbali. Uko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Kivu Kusini, Kongo.

Kwanza, jenomu ni kitu gani?

Ni maelekezo yote ya kiumbe, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Ya binadamu yana herufi kama bilioni 3. Bakteria wa kifua kikuu ana milioni 4.4 hivi. Kirusi cha mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, kina kama 197,000. Cha korona ni kidogo kabisa, herufi kama 30,000.

Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale. Kosa likishaingia, nakala zinazofuata hulirithi. Ni kama wanafunzi wanaonakiliana kazi: mwalimu akikuta neno moja limekosewa vilevile kwenye madaftari matatu, anajua walikaa karibu. Hahitaji hata kuuliza.

Inasomwaje?

Zamani ilihitaji mashine kubwa kama friji na wiki kadhaa. Siku hizi kuna mashine inayokaa kiganjani, MinION ya kampuni ya Oxford Nanopore, unaichomeka kwenye laptop kama flashi. Uzi wa DNA unapitishwa kwenye tundu dogo mno lenye umeme. Kila herufi inayopita inautikisa umeme kwa namna yake, na kompyuta inatafsiri mtikisiko huo kuwa herufi. Mwaka 2015, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, watafiti walisafiri na mashine hizi kwenye mizigo yao hadi Guinea, na baadhi ya majibu yalitoka ndani ya saa 24.

Usidhani ni kazi rahisi lakini. Mashine ni ndogo, ila kemikali zake ni ghali na nyingi zinahitaji baridi muda wote. Umeme ukikatika, kazi imeharibika.

Sasa twende Kamituga

Mwishoni mwa Septemba 2023 aligundulika pale mgonjwa wa kwanza wa mpox. Kongo inaujua ugonjwa huu tangu 1970, na kwa miaka mingi picha ilikuwa ileile: watoto vijijini karibu na msitu, wanaambukizwa na wanyama, unasambaa kidogo kisha unaisha.

Kamituga haikufanana na hiyo. Katika wagonjwa 108 wa mwanzo waliothibitishwa na maabara, wengi walikuwa vijana, zaidi kidogo ya nusu wakiwa wanawake, na karibu asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Mji wa machimbo unavyojulikana: watu wanaingia na kutoka kila siku, pesa inazunguka, baa zimejaa.

Kukawa na jambo jingine la ajabu. Kipimo cha jumla kilisema ni mpox. Lakini kipimo kinachotambua tawi la 1, lile la Kongo miaka yote, kilisema hapana. Sasa hii ni mpox gani?

Jenomu zilipofika mezani, jibu lilionekana. Kirusi kilikuwa kimepoteza kipande kizima cha maandishi yake, na kipande hicho ndicho ambacho kipimo kilikuwa kinakitafuta. Yaani kipimo kilikuwa kizima, ila kilikwenda kugonga mlango ambao umeshabomolewa. Tawi hili jipya likapewa jina la 1b.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya kujikinga vinavyoitwa APOBEC3. Vikikutana na kirusi cha mpox huacha alama zake: C inageuka kuwa T, tena sehemu maalumu. Alama hizo zikiwa nyingi, maana yake kirusi kimekuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu, sio kila mara kinatoka kwa mnyama. Virusi vya Kamituga vilikuwa nazo. Na kwa kuhesabu mabadiliko, watafiti walikadiria kuwa tawi hili lilianza kujitenga katikati ya Septemba 2023, yaani siku chache tu kabla ya mgonjwa wa kwanza kugundulika.

Hapa ndipo faida inapoonekana. Ukiwaambia watu waache nyama ya porini wakati ugonjwa unapita chumbani, umewapotezea muda, na chanjo utaipeleka kwa watu wasio sahihi.

Julai 2024 tawi la 1b lilikuwa limeshatoka Kongo: Burundi, Rwanda, Uganda, na Kenya, ambako msafiri mmoja alikutwa nalo mpakani Taita Taveta. Agosti 14 WHO ikatangaza dharura ya afya ya kimataifa, na kesho yake Sweden ikathibitisha mgonjwa wake. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025.

Vipi kuhusu Ebola?

Februari 2021 Ebola iliibuka tena karibu na Butembo, Kivu Kaskazini. Taasisi ya utafiti ya INRB ikasoma jenomu na kukuta haikutoka porini upya. Ilikuwa mkia wa mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Mwezi huohuo Guinea ilishtua zaidi. Kwa miaka iliyopita tangu mlipuko wa 2014 hadi 2016, kirusi kilitarajiwa kuwa na mabadiliko zaidi ya 100. Yalikutwa kama dazeni tu. Kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu aliyepona, miaka mitano hivi, bila kujinakili sana.

Habari hiyo ilihitaji kusemwa kwa uangalifu mkubwa. Waliopona Ebola walishateseka na unyanyapaa wa majirani, na jambo hili hutokea kwa nadra sana. Walichohitaji ni kufuatiliwa na kupimwa kwa heshima, sio kunyooshewa kidole.

Je, inaweza kutaja aliyemwambukiza mwenzake?

Hapana, sio peke yake. Virusi viwili vikifanana kabisa, inawezekana A alimpa B, au B alimpa A, au wote walipewa na C ambaye hakupimwa. Lazima watu wa afya waende mtaani kuuliza nani alikutana na nani. Anayekwambia DNA ya kirusi imemtaja mtu, anakudanganya.

Kuna gharama nyingine ambayo haizungumzwi sana. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walisoma jenomu za korona, wakaona kirusi kilichobadilika sana, wakautangazia ulimwengu ndani ya siku chache. Ndicho kilichoitwa Omicron. Malipo yao? Nchi kibao zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, wakati kirusi chenyewe kilikuwa kimeshafika Ulaya kabla ya tangazo hilo.