Bunduki ya .22 ikichakaa mtutu: Kusafisha, kutia mtutu wa ndani au kubadilisha?

BUNDUKI kuukuu ya kipenyo cha .22 inapoanza kutawanya risasi, mwenyewe hukata kauli upesi kwamba mtutu umelika kwa kufyatuliwa mno. Mara nyingi kauli hiyo huwa si ya haki. Mitutu mingi ya bunduki hizi haikuharibiwa na risasi, bali na kutu, na wakati mwingine na mkono wa aliyekuwa akiisafisha.

Risasi iitwayo .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa na kampuni ya Stevens ya Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1887. Kichwa chake, chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, ni cha madini laini ya risasi, nayo nguvu ya baruti yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya bunduki za vita. Kwa sababu hiyo, mtutu uliotunzwa vyema huweza kupitisha maelfu kwa maelfu ya risasi bila kudhurika.

Adui alikuwa kwenye fataki, yaani kemikali ya kuwasha baruti, ambayo katika risasi hizi huzungushwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Zamani fataki hiyo ilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikishaungua huacha chumvi inayonyonya unyevu wa hewani. Wakati wa baruti nyeusi, masizi mengi yaliifunika chumvi hiyo, na wenye bunduki waliosha mitutu kwa maji. Ilipokuja baruti isiyotoa moshi, masizi yalipungua na watu wakaacha maji, wakapaka mafuta tu. Kumbe chumvi haiyeyuki katika mafuta. Kutu iliendelea kula chuma chini ya mafuta yayo hayo.

Mwaka wa 1922, Idara ya Migodi ya Marekani ilichapisha uchunguzi wa Wilbert Huff ulioonyesha kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha kutu. Katika nusu ya pili ya mwongo huo, kampuni ya Remington ilileta sokoni risasi za Kleanbore, zisizoacha chumvi. Lakini bunduki nyingi zilikuwa zimekwisha kuumia. Ndiyo maana Winchester Model 1890, ambayo zaidi ya 800,000 zilitengenezwa hadi mwaka wa 1932, mara nyingi hupatikana ikiwa nzuri nje na yenye mashimo ya kutu ndani.

Kabla ya kuhukumu mtutu, sharti usafishwe. Madini ya risasi yaliyoganda ndani huziba mifereji ya mzunguko inayoipa risasi mwendo wa pia, na mtutu mzima ukadhaniwa umekufa. Pili, mdomo wa mtutu uchunguzwe. Ufito wa kusafishia ukiingizwa kutoka mbele kwa miaka mingi huulemaza mdomo huo. Kasoro hiyo fundi huiondoa kwa kukata kipande kifupi na kuukereza upya. Lakini ikiwa mifereji imefutika, na matundu kwenye shabaha yanaonyesha kwamba risasi zinafika kwa ubavu, mtutu umekwisha.

Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mtutu mzima. Katika bunduki nyingine mtutu umefungwa kwa hesi; katika nyingine umeshindiliwa na kuzuiwa kwa pini, ambazo hung'olewa kwanza. Ya pili ni kutia mtutu wa ndani. Fundi hupanua tundu la zamani kwa keekee, huingiza bomba jembamba lenye mifereji mipya, hulishika kwa gundi kali au kwa kulehemu, kisha huchonga chemba ya kukalia risasi. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, Uingereza, ilipata sifa kwa kazi hiyo. Faida yake ni kwamba sura ya nje na maandishi ya kiwandani hubaki, na hiyo ndiyo thamani ya bunduki ya kale.

Kwa njia zote mbili, kipimo kikuu ni nafasi ya ukingo wa ganda, ambao unene wake ni milimita 1.1 hivi. Nafasi ikizidi, risasi hukataa kulipuka au ganda hupasuka na gesi kurudi usoni mwa mpigaji. Ikipungua, komeo halifungi sawasawa. Kwa hiyo kazi hii si ya kubahatisha kwa tupa na nyundo.

Sheria nazo hutofautiana. Nchini Marekani, sheria ya taifa huhesabu mwili wa bunduki kuwa ndio silaha, si mtutu. Uingereza mtutu wenyewe huhitaji kibali, na mpya hupimwa nguvu katika nyumba za ukaguzi za London au Birmingham kabla ya kuuzwa. Hapa Kenya, umiliki wa bunduki hutawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye cheti hana budi kumwendea fundi anayetambuliwa kisheria.

Aliye na risasi za kale asisahau kuosha mtutu kwa maji ya moto, aukaushe, ndipo apake mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, na kutu ya bunduki hizi ilitoka ndani ya risasi zenyewe.