Fahamu Kanisa la 16th Street Baptist: Lilipigwa bomu 1963, waumini wakafungua milango tena kabla ya miezi tisa kuisha

Ukifika katikati ya jiji la Birmingham, jimbo la Alabama nchini Marekani, utakuta kanisa la matofali lenye minara miwili, limetazamana na bustani ya Kelly Ingram. Ni kanisa la kawaida tu: Jumapili watu wanaingia, wanaimba, wanaomba, wanarudi nyumbani. Ila Jumapili moja ya mwaka 1963, mabinti wanne hawakurudi.

Lilianzaje?

Kanisa lilianza mwaka 1873, miaka miwili tu baada ya jiji lenyewe kuanzishwa. Walioanzisha walikuwa Waamerika weusi, miaka michache baada ya utumwa kufutwa. Jina la kwanza lilikuwa First Colored Baptist Church.

Jengo la sasa lilikamilika mwaka 1911. Mchoraji wa ramani alikuwa Wallace Rayfield, msanifu majengo mweusi, na mkandarasi T.C. Windham alikuwa muumini wa hapo hapo. Yaani watu weusi walichora, wakachanga, wakajenga wenyewe.

Kwa nini lilikuwa zaidi ya kanisa?

Wakati huo sheria za ubaguzi zilimfungia mtu mweusi milango mingi ya Birmingham. Kanisa likawa ndio ukumbi wa mikutano, wa mihadhara na wa matamasha. Wasomi kama W.E.B. Du Bois na waimbaji kama Paul Robeson walipita hapo.

Kuna jambo lingine. Kwa utaratibu wa Wabaptisti, kila kanisa linajitawala. Waumini wanamwita mchungaji wao na wanaamua mambo yao wenyewe. Hakuna askofu wa juu wa kuamuru milango ifungwe.

Watoto waingia barabarani

Mei 2, 1963, mamia ya wanafunzi walikusanyika kanisani, kisha wakatoka kwa makundi kuandamana kupinga ubaguzi. Polisi waliwakamata. Siku iliyofuata, mkuu wa usalama wa jiji, Bull Connor, aliamuru wapigwe maji ya mabomba ya zimamoto na kufukuzwa kwa mbwa. Picha zilizunguka dunia nzima.

Mei 10, viongozi wa harakati, akiwemo Martin Luther King Jr., walitangaza makubaliano na wafanyabiashara ya kuondoa ubaguzi madukani. Septemba, wanafunzi weusi wa kwanza wakaingia kwenye shule zilizokuwa za wazungu pekee. Wafuasi wa Ku Klux Klan walikasirika.

Saa 4:22 asubuhi

Jumapili ya Septemba 15, 1963 ilikuwa siku ya vijana kanisani. Somo la shule ya Jumapili lilihusu upendo unaosamehe. Mabinti walikuwa chumba cha chini wakijiandaa kwa ibada, bila kujua kwamba baruti ilikuwa imetegwa chini ya ngazi za nje.

Ilipolipuka, waliuawa Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote miaka 14, pamoja na Denise McNair wa miaka 11. Zaidi ya watu 20 walijeruhiwa. Sarah, mdogo wake Addie Mae, alipoteza jicho moja. Juu kanisani, dirisha la kioo lenye picha ya Yesu lilibaki limesimama, lakini uso wake ulikuwa umetoka.

Siku hiyo hiyo vijana wengine wawili weusi waliuawa jijini: Johnny Robinson, 16, alipigwa risasi na polisi, na Virgil Ware, 13, alipigwa risasi na kijana mzungu akiwa kwenye baiskeli.

Haki ilichelewa miaka mingi

Kufikia 1965 FBI walikuwa na majina ya washukiwa wanne. Hata hivyo, mwaka 1968 faili lilifungwa bila mtu kushtakiwa.

Robert Chambliss alihukumiwa 1977, miaka 14 baada ya tukio. Kumbe FBI walikuwa na kanda za sauti ambazo hazikufika kwenye kesi hiyo. Thomas Blanton alihukumiwa 2001, na Bobby Frank Cherry 2002. Wote watatu walipewa kifungo cha maisha na wakafia gerezani. Wa nne, Herman Cash, alifariki 1994 bila kushtakiwa.

Septemba 2020, miaka 57 baada ya bomu, gavana wa Alabama Kay Ivey alimwomba radhi Sarah.

Milango ikafunguliwa

Waumini wangeweza kuuza kiwanja na kuhamia mtaa mwingine wenye utulivu. Hawakufanya hivyo. Michango ilikuja kutoka pande nyingi za dunia, jengo likakarabatiwa, na Juni 7, 1964 ibada zikarudi pale pale.

Huko Wales, gazeti la Western Mail lilichangisha fedha za dirisha jipya. Liliweka sharti: mtu asitoe zaidi ya nusu krauni, sarafu ndogo tu, ili zawadi itoke kwa wananchi wa kawaida na siyo tajiri mmoja. Msanii John Petts alitengeneza kioo chenye Kristo mweusi aliyenyoosha mikono. Mkono mmoja unasukuma dhuluma, mwingine umefunguka kusamehe. Dirisha hilo liliwekwa 1965 na lipo mpaka leo.

Leo likoje?

Mwaka 2006 lilitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Januari 2017, Rais Barack Obama alitangaza mnara wa kitaifa wa haki za kiraia Birmingham, na kanisa limo ndani ya eneo hilo.

Wageni wanaokuja kutembelea ni wengi, lakini halijageuka makumbusho. Bado lina mchungaji, kwaya na shule ya Jumapili. Na kila Septemba 15, kengele hupigwa kuwakumbuka wale wanne.