Wanasesere wa Uwanja wa Ngoma

Neno mwanasesere aghalabu humkumbusha msomaji mtoto wa kike aliyepakata kitambaa kilichofungwa mfano wa mtu. Katika Usukuma, nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria ambayo Misungwi ni sehemu yake, mwanasesere alikuwa pia mali ya watu wazima, tena wenye hadhi. Alichongwa kwa mti, akavikwa nguo, akachezeshwa mbele ya halaiki ya watu. Wala hakufanywa kuwa pambo la nyumba. Kazi yake ilikuwa kuwashinda wapinzani.

Uhasama wenyewe ulikuwa wa ngoma. Masimulizi ya Wasukuma huwataja mabingwa wawili wa katikati ya karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walishindana kujua dawa ya nani ilikuwa na nguvu zaidi. Wakaafikiana kwamba uchezaji ndio uwe mizani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, na wale wa Gumha wakaitwa Wagalu, na tangu hapo vijiji vya Usukuma, na wakati mwingine hata nyumba moja, viligawanyika baina ya vyama hivyo viwili. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, tangu Juni hata Agosti, jembe linapopumzika na nafaka ikiwa ghalani. Kanuni yake ni nyepesi kutaja na ngumu kutimiza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi litakalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Hapana mwamuzi mwingine anayeweza kuipinga hukumu ya miguu ya watu.

Katika kanuni hiyo ndimo ulimozaliwa ufundi wote wa sanamu. Manju wa ngoma alitafuta kwa mganga dawa ya mvuto, iitwayo samba, lakini dawa peke yake haikumtosha. Alihitaji kitu ambacho mtu aliyesimama upande wa pili angekiona kwa mbali, akasahau adabu, akavuka uwanja mbio. Wengine walileta chatu hai wakawazungusha shingoni, wengine nungunungu. Wengine wakaleta sanamu: umbo refu la mti, viungo vyembamba, uso mkali, na pengine mikono iliyochongwa mbali na mwili na kuungwa nao ili iweze kutikisika. Nyingine zilifanya mambo ya faragha ambayo mzee asingeyataja mbele ya wakwe zake. Watu walipiga kelele, wakacheka, wakaona haya, wakasogea karibu zaidi. Wageni waliozitazama wakaziita chafu walikosa shabaha, maana aibu ile ilikuwa imepangwa makusudi kama mtego unavyopangwa njiani.

Sasa, kitu cha kushangaza hakishangazi mara mbili. Sanamu iliyoshinda mwaka huu ilikuwa imekwisha kujulikana mwaka ujao, na wapinzani walikuwa wamekwisha kujiandaa. Kwa hiyo ilimbidi manju aibadili: aivike vingine, aichezeshe vingine, au aitupe kando na kutafuta mpya. Dunia haikumnyima vitu vya kuiga. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, fedha za pamba, nguo za dukani, sare za askari, yote hayo yalipita mbele ya macho ya watu waliokuwa na njaa ya mambo mapya. Pwani nako, ngoma ya Beni ilikuwa imegeuza bendi na vyeo vya jeshi la wakoloni kuwa mchezo, kama Terence Ranger alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mwanasesere wa Usukuma basi hakuwa na umbo la mwisho. Mchongaji alimwanza, na kila msimu ulimwendeleza.

Wamarekani wamepata sifa kubwa kwa jambo lililo karibu na hili. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, askari mwenye sehemu 21 zinazojongea, ikakataza asiitwe mwanasesere, kwa hofu kwamba wavulana wangemkimbia. Baadaye wakatokea watu wazima wanaokusanya askari wa namna hiyo, wakiwabadilisha nguo, wakiwapaka rangi upya, wakiwaunga mkono wa huyu na kichwa cha yule. Watu hao huonekana wa ajabu machoni pa jirani zao. Mbele ya mzee wa Kigalu wasingeonekana wa ajabu hata kidogo. Labda angewauliza tu wanashindana na nani.

Mkusanyaji wa zamani aliyejulikana sana katika nchi hii alikuwa Hans Cory, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 na kufariki mwaka 1962. Akiwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Hata hivyo kitabu chake juu ya sanamu, cha mwaka 1956, kilihusu hasa vinyago vya udongo vya jando na unyago, ambavyo kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Cory alitambua kwamba kinyago pasipo wimbo ni udongo tu, akauandika na wimbo. Kwa hilo anastahili heshima kuliko wengi waliomfuata.

Usukumani kwenyewe kazi ya kuhifadhi iliangukia Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya Mwanza. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza huko katika miaka ya 1950, akajenga kanisa lililofuata mfano wa nyumba ya mtemi. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Humo vyombo vya ngoma vya Wagika na Wagalu vina banda lao. Padri huyo alifanya jambo ambalo makumbusho mengi hayakulifanya: aliacha uwanja wazi. Sikukuu ya Bulabo, iliyofungamana na Ekaristi Takatifu, huleta makundi kushindana Bujora kila mwaka, hatua chache tu kutoka mahali vyombo vya zamani vilipolala.

Sanamu nyingine zilikwenda mbali. Maonyesho ya uchongaji wa Tanzania yaliyofanyika Ujerumani mwaka 1994 yaliwafumbua macho wanunuzi wa Ulaya, ambao hapo kwanza waliamini kwamba Afrika ya Mashariki haina wachongaji wa kutajwa. Bei zikapanda. Sanamu zilizofika huko aghalabu husimama wima juu ya kipande cha chuma, bila nguo, na chini yake pameandikwa Sukuma. Jina la mchongaji halipo, wala la manju aliyeitumia, wala la kundi lililokimbiwa siku ile. Mwaka 2005 mtafiti Aimée Bessire aliandika makala iliyozirudisha sanamu hizo katika uwanja wake, akieleza kwamba zilikusudiwa kuwachochea watazamaji. Mnunuzi wa Ulaya hutakiwa asiguse. Kule zilikotoka, sanamu iliyosimama kimya huku watu wakiitazama kwa heshima ingekuwa imekwisha kushindwa, na watazamaji wake wangekuwa wamehamia upande wa pili wa uwanja, wanakolia manyanga ya wapinzani.